Mkusu Dume

Kwenye kingo za Ufipa, pale uwanda wa nyasi unapoanza kuporomoka kuelekea Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Bonde la Rukwa upande wa mashariki, bado kuna miombo, na ndani ya miombo kuna mikusu. Si mti wa kujificha. Majani yake ni mapana na magumu kama ngozi, yamekaa mafungu mafungu kwenye ncha za matawi, na kivuli chake ni kizito. Mikusu miwili inaweza kusimama jirani, kimo kimoja, unene mmoja, gome moja. Msimu ukifika, mmoja unaangusha makusu, matunda ya duara yenye ganda la kahawia na nyama tamu ya njano, ambayo watoto huyala mpaka vidole vinanata. Mwingine hauangushi kitu. Mwaka unaofuata ni vivyo hivyo, na miaka kumi baadaye pia. Huo wa pili ni dume.

Kwa hesabu za shambani, dume ni mti usio na kazi. Anayetafuta kuni au mkaa hana sababu ya kuusamehe: ukiukata, hakuna mtoto atakayelia. Mimi nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa kinachoufanya mti uwe dume, na jibu limenipeleka mbali kuliko nilivyotarajia, hadi kwenye matanuri ya chuma ya Wafipa, maabara za Japani na mashamba ya michikichi ya Kigoma.

Tuanze na jina. Vitabu vya mimea huuita mkusu *Uapaca kirkiana*. Neno la kwanza limetokana na jina la Kimalagasi, *voapaka*. La pili ni heshima kwa John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti aliyefuatana na David Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858. Wasomaji wa historia ya Pwani wanamjua Kirk kwa jambo jingine: ndiye aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Mti wenyewe ulitangazwa kwa wanasayansi mwaka 1864 na Mswisi Johannes Müller, aliyekuwa akifanya kazi Geneva juu ya matawi yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Watoto wa miombo walikuwa wamekula makusu kwa vizazi visivyohesabika kabla ya hapo, lakini hilo halina cheti.

Mti wa namna hii huwasumbua wakusanyaji wa mimea. Ukikata tawi lenye maua ya kiume, umebeba nusu tu ya mti. Nusu ya pili imesimama mahali pengine, pengine ng'ambo ya kilima. Ulaya yenyewe ilichelewa kukubali kwamba mimea ina jinsi. Ni mwaka 1694 ambapo Rudolf Jakob Camerarius, profesa wa Tübingen, alitenga mimea ya kike mbali na ya kiume, akaona haitoi mbegu zinazoota, akaandika barua ndefu kuutangazia ulimwengu wa wasomi. Wakulima wa mitende wa Omani na Basra, ambao tende zao zilikuja Pwani yetu ndani ya majahazi, wangemsikiliza kwa adabu tu. Wao walikuwa wakipanda juu ya mitende ya kike na vishada vya maua ya kiume mkononi tangu enzi za babu wa babu zao, na walijua kwamba dume moja linatosha kwa majike mengi.

Turudi juu, uwandani. Mgeni anayefika Sumbawanga kwa mara ya kwanza hushangazwa kwanza na upepo, kisha na uchache wa miti. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na pande zote ni nyasi, mahindi, maharage, ulezi, alizeti na vilima vilivyo wazi. Wafipa waliizoea hali hiyo kiasi cha kuwa na kilimo kisichotegemea majivu ya miti. Majirani zao wa upande wa Zambia hukata matawi na kuyachoma ili kurutubisha shamba. Mfipa hufukia nyasi ndani ya vilima vya udongo, zikaoza humo, zikawa mbolea.

Sehemu ya miti iliyokuwapo iliingia kwenye malungu. Ilungu ni tanuri la udongo lenye umbo la mnara, kimo chake kama mita tatu, na matundu kuzunguka sehemu ya chini. Halikuhitaji mivukuto. Moto ukishika, hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu, ikapanda, na mawe ya chuma yakaiva pamoja na mkaa. Kilichotoka kilisafishwa tena katika tanuri dogo, safari hii kwa mivukuto, ndipo kikafuliwa kuwa majembe, shoka na mikuki. Profesa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1995 juu ya ufuaji chuma wa kusini-magharibi mwa Tanzania, alionyesha kwamba eneo hili lilikuwa na zaidi ya aina moja ya ufundi, na malungu ni moja tu kati ya hizo. Kazi hiyo ilikuja kufa mikononi mwa ukoloni na majembe ya viwandani. Minara michache ingalipo porini, mingine imemeguka nusu, nyasi zimeota mdomoni.

Linalonivuta kwenye malungu ni jinsi yake. Wale walioandika juu ya ufundi huo, kuanzia wamisionari Wakatoliki wa mwanzoni mwa karne ya 20, wanaeleza kwamba tanuri jipya lilipambwa kama bibi harusi. Mafundi walijitenga na wake zao wakati wa kuyeyusha chuma, kwa kuwa kwa muda ule tanuri ndilo lililokuwa mke. Udongo ulipewa uke. Mti, ambao una uke na ume wa kweli ndani yake, uliingia humo ukiwa mkaa, na mkaa hauna jinsi.

Kwa mti uliosimama, watu wa kwetu hawajakubali kwamba jinsi ni jambo la kudumu. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na mpapai nyuma ya jiko. Ulitoa maua mengi yaliyoning'inia kwenye vikonyo virefu kama shanga, na papai hata moja hakuna. Siku moja bibi alichukua nyundo na msumari wa inchi nne.

“Bibi, unaupigilia wa nini?”

“Ushtuke, mjukuu wangu. Umelala.”

Sijui idadi ya mipapai ya Afrika Mashariki iliyopigiliwa misumari kwa sababu hiyo. Kwingine hukatwa kichwa, kwingine hufungwa kamba au hutishiwa kwa panga. Na Sumbawanga, mji ambao jina lake husimuliwa kuwa maana yake ni “tupa uchawi”, ungetarajia hadithi ya mti kubadilishwa jinsi ipokelewe bila mshangao. Juu huku kwenye baridi mpapai hausitawi vizuri. Mapapai mazuri hupanda kutoka mabondeni na ziwani. Lakini msumari unajulikana hata kwa wasio na mpapai.

Jambo la ajabu ni kwamba bibi hakuwa mbali na ukweli. Mwaka 1938 watafiti wawili, J. D. J. Hofmeyr wa Afrika Kusini na W. B. Storey wa Hawaii, kila mmoja kwa njia yake, walieleza jinsi jinsia ya mpapai inavyorithiwa. Kuna mipapai ya kike, ya kiume, na ile yenye maua ya jinsia mbili pamoja. Wa kike ni mwaminifu: joto lije, baridi ije, hubaki wa kike. Wa kiume ndiye kigeugeu. Majira yakibadilika, baadhi ya maua yake huanza kukuza ovari, na mapapai madogo marefu yakaning'inia kwenye vile vikonyo vya shanga. Msumari hupigwa leo, hali ya hewa hugeuka mwezi ujao, na sifa huenda kwa msumari.

Lakini mpapai dume uliozaa haukubadili jeni zake. Kromosomu Y yake ingalipo katika kila seli. Kuna kitu kilichokuwa kimefungwa kikafunguka, na hapo ndipo sayansi ya miaka ya karibuni inapotia mguu.

DNA ya mti, kama yetu, huandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. Herufi C inaweza kubandikwa kikundi kidogo kiitwacho methili, yaani atomi moja ya kaboni na tatu za hidrojeni. Herufi haibadiliki, inabaki C. Lakini palipojaa alama hizo kwenye mwanzo wa jeni, jeni hiyo kwa kawaida haisomwi. Waliosoma Kiswahili cha kale cha hati za Kiarabu wataelewa haraka kuliko wengine. Herufi imekaa pale pale mstarini. Irabu zilizowekwa juu au chini yake ndizo zinazosema isomwe vipi, na ukiiwekea sukuni, inatulia. Methilesheni ya DNA ni sukuni ya jeni. Tena seli inapogawanyika, alama hizo hunakiliwa pamoja na maandishi, kwa hiyo tawi hukumbuka kilichoamuliwa kwenye chipukizi.

Herufi C yenye methili iligunduliwa na Rollin Hotchkiss mwaka 1948, ikachukua karibu miaka 30 kabla wanasayansi hawajaanza kuidhania kuwa swichi. Kwa mimea, dalili zilikuwapo tayari kwenye mahindi. Barbara McClintock alionyesha katika miaka ya 1940 kwamba ndani ya mahindi kuna vipande vya DNA vinavyohama kutoka sehemu moja ya kromosomu hadi nyingine, na kwamba vipande hivyo huamka na kulala. Alipuuzwa na wengi kwa muda mrefu, kisha akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Leo tunajua kwamba karibu asilimia 85 ya jenomu ya mahindi imetokana na vipande vya aina hiyo. Gunia la mahindi linalotoka Rukwa kwenda Dar es Salaam limejaa wazururaji waliolazwa, na kinacholazimisha usingizi wao ni methilesheni kwa sehemu kubwa.

Huhitaji maabara kuona kwamba DNA moja inaweza kutoa jinsi mbili. Panda hadi kwenye shamba la miti la Mbizi, juu ya Sumbawanga, utazame msonobari. Koni za kike, zile ngumu za kubeba mbegu, hukaa zaidi sehemu ya juu ya mti. Koni ndogo za kiume zenye vumbi la chavua hukaa zaidi matawi ya chini. Mti ni mmoja, umetoka kwenye mbegu moja. Juu ni mama, chini ni baba. Kinachotofautiana ni kurasa zilizofunguliwa.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hili kwenye mti ulitoka Japani. Mwaka 2014, Takashi Akagi na wenzake wa Japani na Marekani walichapisha utafiti wao juu ya persimoni pori, *Diospyros lotus*, ambayo kama mkusu ina miti ya kike na ya kiume mbalimbali. Waligundua jeni mbili, wakazipa majina yenye mwangwi wa Kijapani: MeGI, mti wa kike, na OGI, mti wa kiume. MeGI huzuia ua lisitengeneze sehemu za kiume, nayo imo ndani ya kila mti, wa kike na wa kiume. OGI imo kwenye kromosomu Y peke yake, na kazi yake ni moja: kutoa RNA fupi fupi zinazoinyamazisha MeGI.

Hapo nilisimama kidogo. Katika mti huu, dume si jike lililopungukiwa. Dume lina kila kitu cha jike, pamoja na kitu kimoja cha ziada kinachofanya kazi ya kunyamazisha. Ume hapa ni ukimya unaotunzwa.

Miaka miwili baadaye watafiti hao walihamia kwenye persimoni ya shambani, ile inayouzwa sokoni kama tunda. Baadhi ya miti yake hutoa maua ya kike na ya kiume kwenye mti mmoja, jambo ambalo OGI peke yake haikuweza kulieleza. Walikuta kwamba kipande kimoja cha wale wazururaji wa McClintock kimejibanza mwanzoni mwa OGI na kuizima karibu kabisa. Mti ulikuwa na Y lakini Y yake ilikuwa bubu. Sasa nani aliyekuwa akiamua? Waliposoma alama za methili kwenye MeGI, walikuta ua la kiume limejaa alama hizo na la kike lina chache. Tawi moja limetiwa sukuni, tawi jirani limeachwa lisome. Mti ulikuwa ukiamua tawi kwa tawi.

*Diospyros* si mgeni kwetu, maana jamaa zake wanaota katika savana za Tanzania, wengine wakiwa na miti ya kike na ya kiume kando kando vilevile. Lakini isifikiriwe kwamba ufunguo wa persimoni hufungua kila mlango. Mpapai una mambo yake: mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba lile eneo la ume kwenye kromosomu Y yake, ambayo ni changa kwa umri wa kromosomu, limeshonwa kwa methilesheni nzito. Mpopla una jeni nyingine kabisa, ARR17, ambayo ikiwa wazi mti huwa wa kike, na katika baadhi ya mipopla ya kiume hufungwa kwa RNA fupi na methili. Jamaa wa mpopla huo yuko Kenya, kando ya Mto Tana, mti wa kipekee unaokua kwenye kingo zinazofurika. Inaonekana miti imevumbua dume mara nyingi, kila jamii kwa njia yake, lakini zana za kufungia hurudi kuwa zile zile.

Haya yote yangebaki habari za kupendeza kama yasingewahi kumgharimu mtu. Yamegharimu, na mti uliolipa ni wa upande wetu wa ziwa. Fuata Tanganyika kuelekea kaskazini kutoka Kasanga na Kipili, utafika Kigoma, nchi ya mawese. Mchikichi una jinsi mbili kwenye shina moja, lakini kwa zamu: kwa kipindi hutoa mafungu ya maua ya kike, kisha kipindi cha maua ya kiume, na uamuzi hufanyika ndani ya chipukizi muda mrefu kabla ua halijaonekana. Ukame ukiupiga, mchikichi huelekea kwenye ume, na mkulima huvuna chavua pale alipotarajia mafuta.

Dume la mchikichi lina historia yake Kongo. Kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi, mwaka 1941, A. Beirnaert na R. Vanderweyen walionyesha kwamba unene wa kifuu cha ngazi hutegemea jeni moja. *Dura* ina kifuu kinene na nyama kidogo. *Pisifera* haina kifuu, lakini kwa kawaida mikungu yake hunyauka kabla ya kukomaa. Ukichukua chavua ya *pisifera* ukaitia kwenye ua la kike la *dura*, unapata *tenera*, yenye kifuu chembamba na mafuta mengi. Sekta nzima ya mawese duniani imesimama juu ya mti ambao mkulima wa kawaida angeukata kwa sababu hauzai. Michikichi ya asili ya Kigoma kwa sehemu kubwa ni *dura*, na kampeni ya serikali iliyoanza mwaka 2018 ya kufufua zao hilo, ikishirikisha kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, imejikita katika kuwapatia wakulima miche ya *tenera*.

Ukishapata *tenera* moja bora kuliko zote, tamaa inayofuata ni kuitoa nakala. Katika miaka ya 1970 maabara za Ulaya na Asia zilijifunza kuchukua kipande cha tishu ya mchikichi, kukikuza kwenye chupa chenye virutubisho na homoni, na kutoa miche elfu kwa elfu yenye DNA ile ile. Miche ilipandwa. Miaka michache baadaye ilipoanza kuchanua, baadhi ilitoa kioja. Sehemu za ua zilizopaswa kuwa za kiume zilikuwa zimegeuka mithili ya ovari za ziada, na tunda likatoka limevishwa tabaka la vidole vya nyama kulizunguka, kama limevaa joho. Waingereza waliliita kwa neno hilohilo la joho. Miti iliyoathirika sana haikukomaza tunda na haikutoa mafuta. R. H. V. Corley na wenzake walitoa taarifa mwaka 1986, na sekta ikavunjika moyo: mkulima angesubiri miaka mitatu kujua kama alinunua mchikichi au pambo.

Fumbo lilikuwa kwamba DNA haikuwa na kosa. Herufi zilikuwa zile zile. Jibu lilichapishwa mwaka 2015 na Meilina Ong-Abdullah wa Malaysia pamoja na wenzake. Ndani ya jeni inayosaidia kutengeneza sehemu za kiume za ua kuna mzururaji mmoja, kipande walichokiita Karma. Kwa kawaida kimelazwa chini ya methili nyingi, na jeni husomwa kukipita bila taabu. Katika baadhi ya nakala, maisha ya chupani yalikuwa yameondoa alama hizo. Karma ikafunuka, usomaji wa jeni ukakatikia njiani, na ume wa ua ukapotea. Hakuna herufi iliyofutika. Kilichopotea ni sukuni, na mashamba mazima yakaingia hasara. Baadhi ya michikichi hiyo, ikiachwa shambani, hurudia hali ya kawaida baada ya miaka kadhaa, jambo ambalo herufi iliyobadilika isingeliruhusu kirahisi.

Nikiwa na habari hizo mkononi, ndipo naweza kuutazama tena mkusu. Tangu miaka ya 1990, watafiti wa kilimo mseto wa ICRAF, kwenye kituo chao cha Makoka nchini Malawi na nchi jirani za miombo, wamekuwa wakijaribu kuutoa mkusu porini na kuuleta shambani. Kikwazo kilikuwa kile kile ambacho kila mtoto wa miombo anakijua. Ukipanda mbegu, unasubiri takriban miaka kumi kabla mti haujachanua, na siku ukichanua ndipo unaambiwa kwamba ni dume. Takriban nusu ya miche ni madume. Hakuna mkulima mwenye ekari mbili anayeweza kucheza kamari ya namna hiyo.

Njia waliyoitumia ni kubebesha. Unakata kikonyo kwenye mkusu wa kike uliokwisha kuzaa vizuri, unakifunga juu ya mche mchanga uliotokana na mbegu, na ndani ya miaka miwili au mitatu unaona matunda. Mtu huona muujiza kwenye uharaka. Kwangu mimi uzito uko kwenye kumbukumbu. Kikonyo kile kina urefu wa kalamu, kimewekwa juu ya mizizi ya mtoto, lakini hakirudi utotoni. Kinaendelea na umri wa mti kilikotoka, na jinsi yake. Kwenye miti mingi iliyochunguzwa, RNA fupi iitwayo miR156 huwa nyingi kwenye mche na kupungua kadiri mti unavyokomaa, na chipukizi la mti mzima hubaki na kiwango chake cha utu uzima. Kubebesha hakupitishi seli kwenye chupa wala kuzilazimisha kuanza upya, ndiyo maana ni njia salama kuliko ile iliyowavisha michikichi joho.

Lakini bustani iliyobebeshwa vikonyo vya kike pekee ina tatizo ambalo mkulima wa mitende wa Omani angeliona kutoka barabarani. Maua ya kike ya mkusu huhitaji chavua, na chavua huletwa na nyuki na wadudu wengine kutoka kwenye dume. Maadamu miombo iko karibu, madume ya porini hufanya kazi hiyo bure, na hakuna anayewakumbuka. Kwenye kingo za Ufipa, ambako miombo hupungua kila msimu wa mkaa, na ambako dume ndilo linaloanza kuingia tanuruni kwa kuwa halimnyimi mtu tunda, bure hiyo ina mwisho. Jike lililobaki peke yake litachanua kila mwaka kama kawaida, na kwa miaka ya kwanza mwenye shamba atalaumu mvua.

Wala mkusu hauwezi kuwekwa akiba kama mahindi. Mbegu zake hazivumilii kukauka. Ukizianika na kuzifungia kwenye ghala la mbegu zinakufa. Zinatakiwa kupandwa zikiwa mbichi, zikiwa zimetoka tu kwenye tunda, na kitaluni hukua vizuri zaidi ukichanganya udongo uliochotwa chini ya mkusu mkubwa, kwa sababu mizizi yake huishi na kuvu wa udongo huo. Mahali pa kuutunza ni ardhini, ukiwa hai, wa kike na wa kiume, mmoja asikie nyuki wa mwenziwe. Mche utakaoota mwaka huu kutokana na kokwa iliyotemwa na mtoto pembeni ya njia ya Kasanga una MeGI yake, au chochote kinachofanya kazi hiyo ndani ya mkusu, tayari imefungwa au imeachwa wazi. Utasema ni upi ukifikisha miaka kumi hivi, kama utaachwa uifikishe.